Shefu wa Kavimvira na Wali Ulioungua

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnapanda gari kutoka Uvira mpaka Sange kwenda kula ukoko. Ukoko! Ule wali mkavu wa chini ya sufuria ambao mama zetu waliuloweka maji wakawatupia kuku. Juzi nilimkuta kijana wa jirani yangu barabarani, amepiga shati pasi, viatu vinang'aa, nikafikiri anakwenda kuposa.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Ku Sange, papa. Kuko mama mumoja anauzishaka ukoko na ndagala ya pilipili. Njo mode sasa, bantu yote banaipenda."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akadhani nimezeeka. Sijazeeka, bado niko kwenye miaka ya arobaini. Nilicheka kwa sababu ukoko ule niliuanzisha mimi, tena niliuanzisha kwa kutojua kupika. Miaka ishirini watu wameniita Shefu, yaani mpishi mkuu, na mwenye mkono alikuwa mtu mwingine. Leo macho yangu yameharibiwa na moshi, sikai tena jikoni, na dada yangu amekwisha kuninyang'anya mwiko mbele za watu. Mtu aliyestaafishwa na dada yake hana heshima ya kulinda. Kwa hiyo nitawaambia mambo yalivyokuwa.

Kwanza niwaonyeshe pa kula, maana najua mna njaa kuliko subira.

Ukoko wa Sange ni mzuri, lakini nendeni asubuhi, kabla magari ya Bukavu hayajashusha watu. Yule mama huuvunja vipande, huupitisha kwenye mafuta ya moto, halafu huuwekea juu ndagala, dagaa wa ziwa letu, iliyotwangwa na pilipili. Ukikaa mpaka saa sita hulainika kama ngozi iliyonyeshewa. Bwegera kuna wali mpya wakati wa mavuno, na akina mama pale wameanza kuupika kwa mawese badala ya mafuta ya duka. Kuleni ule, na msiombe kijiko. Hapa kwetu Kavimvira, kabla hujafika kwa wabadilisha fedha wa mpakani, kuna meza ya mbao chini ya bati, na mama mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Anakaanga ndagala mbichi na vitunguu na yai, anazifunga ndani ya mkate mrefu. Hata wafanyakazi wa forodha huacha mihuri mezani wakamkimbilia. Mama huyo ndiye yaya wangu, dada yangu mkubwa, Yaya Feza. Mkienda kwake msiseme mimi nimewatuma. Atawapunguzia ndagala.

Sasa nianzie wapi? Nianzie kwenye mayoneze.

Nilipotoka sekondari sikutaka kuwa karani wala mwalimu. Miguu yangu iliniwasha. Nilikwenda Kalemie, nikarudi, nikaenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, nikarudi, na mwisho nikapata kazi ya kuosha sahani kwa mfanyabiashara mmoja Mgriki, kando ya ziwa. Mpishi wake alikuwa Baba Yohana, mtu wa maneno machache, na katika miezi mitatu aliniambia mambo mawili tu ya maana. La kwanza: ndagala mbichi ioshwe mara moja, haraka, itandazwe kwenye ungo mpaka ikauke, ndipo iingie kwenye mafuta, na ikishaingia iache. Mtu anayegeuzageuza ndagala anapika uji. La pili: wali hauna haja ya kufunuliwa kila mara. Weka maji yapande juu ya mchele kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, ukishakauka punguza kuni, funika, ondoka.

Ushauri ule nilikuwa na masikio ya kuusikia. Mikono ndiyo haikuwepo. Siku Baba Yohana alipopata homa, bwana aliniamuru nitengeneze mayoneze. Nilikuwa nimeona ikitengenezwa: yai, mafuta tone kwa tone, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi. Nikasema moyoni, tone kwa tone ni uvivu wa wazee. Nikamimina chupa nzima. Kilichotoka kilifanana na maji ya kidimbwi ambamo gari limevuja mafuta. Nikakimwaga ziwani na kusema mbwa amekula. Bwana alinipeleka dirishani akanionyesha mbwa. Alikuwa amefungwa mnyororo tangu asubuhi.

Ndivyo nilivyoacha kazi. Lakini nilitoka na kitu kimoja kikubwa, aproni nyeupe. Nilisahau kuirudisha.

Kisha uhuru ukaja. Hamwezi kujua jinsi watu walivyotaka kula wakati ule! Kila aliyekuwa amechungulia dirisha la Mzungu alitaka kukaa mezani kama yeye: bifteki, saladi, supu kwanza, kahawa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa mode, mtindo wa siku zile. Mimi nikafungua restora hapa Kavimvira, meza tatu na bango: SHEFU. Nilikuwa na uma nne. Mtu wa tano alisubiri wa kwanza amalize, na kwa kuwa wote walitaka kula ndagala kwa uma, moja moja, kusubiri kulichukua muda. Mteja mmoja, fundi baiskeli, alisubiri hadi akalala, akaamka, akala kwa mkono, akatukana uhuru, akaenda zake.

Na nani alipika? Yaya Feza. Alikuwa amefiwa na mumewe, akaja kukaa nami, na mkono wake ulijulikana tangu kwetu. Lakini katika nyumba za Wazungu wapishi walikuwa wanaume, wenye aproni. Restora yenye mwanamke jikoni ilionekana kama nyumbani tu, na hakuna aliyetaka kula kama nyumbani. Basi Yaya alipika nyuma, ndani ya ua wa matete, na mimi nilitoka mbele na aproni yangu ya wizi, nikijifuta jasho ambalo sikuwa nimelitoa.

"Shefu, hii mchuzi uliweka nini?"

"Ah," nilijibu, "hiyo ni siri ya kazi." Ilikuwa siri kweli. Hata mimi sikuijua.

Yaya alisikia yote kutoka nyuma ya matete. Usiku mmoja tu aliniambia, akiosha masufuria: "Deo, ile kinywa yako iko siku itatuua." Nikacheka.

Miaka michache baadaye uasi uliteremka na tambarare ya Ruzizi, Bwegera, Sange, ukaingia mjini. Wakubwa walivuka mpaka kwa magari. Sisi tulibaki kwa sababu mimi nilisema mpishi hana adui, watu wote wana tumbo. Waasi waliokuja walikuwa vijana wa umri wenu, majani kichwani, mikuki, bunduki chache. Komanda wao alikuwa kijana mwembamba aliyetoka shule ya walimu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipenda sheria kuliko chakula. Sheria za dawa yao, ile iliyogeuza risasi kuwa maji, alikuwa ameziandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko mzuri.

Aliingia, akatazama bango, akauliza: "Nani njo anapikaka hapa?"

Kabla sijafikiri, kinywa kilikwisha kujibu. "Njo minye, komanda. Minye mwenyewe. Hakuna mwengine."

"Muzuri." Akafungua daftari. "Sababu dawa yetu inakataza chakula ya mukono wa mwanamuke. Muntu akikula, dawa inakufa. Na mwenye aliua dawa, na yeye anakufa. Weye utatupikia, kila siku, bantu makumi mbili."

Nilijisikia kama samaki aliyeona kwamba taa nzuri aliyoifuata ina wavu chini yake.

Yaya alihamia siku ileile kwenye kiwanja cha jirani, upande wa pili wa matete, ili watu wasimwone hata karibu na majivu yetu. Alipokuwa akibeba mkeka wake alinipita bila kuniangalia. "Minye nitakufa juu ya kinywa yako," akasema. "Si juu ya vita. Juu ya kinywa."

Nikaanza kupika. Jueni kwamba wali wa watu ishirini si wali wa watu wawili uliozidishwa. Chini uliungua, katikati ulikuwa uji, juu ulikuwa mchele ule ule niliomimina, mkavu, na mawe yake. Wapiganaji walitazama sahani. Mmoja wao, jitu lenye sauti nene, akainua kipande cheusi cha ukoko.

"Shefu, hii ni nini? Matofali?"

"Hiyo," nikasema, nikijifuta mikono kwenye aproni, "njo mode ya Bulaya. Wazungu banaunguzaka chini makusudi. Ile ya chini njo ya wakubwa."

Jitu akampa komanda kipande kile. Kisha komanda akauma, akatafuna muda mrefu, akasema ni kweli kina ladha ya kitu. Jitu naye akauma. Basi wakaanza kugombea ukoko, kila mmoja alitaka kuwa mkubwa! Wakagundua tena kwamba unakaa siku tatu mfukoni bila kuchacha, wakawa wanaondoka nao kwenda tambarare. Akina mama wa Sange wakaona vijana wanatafuna ukoko njiani na kuusifu. Yaliyofuata mnayajua, mnayalipia nauli.

Kwa siku nyingi njaa yao iliwafanya wale chochote, nami nikaokolewa nayo. Kisha nikajimwagia maji ya moto. Nilikuwa nainua sufuria ya watu ishirini kwa majani ya mgomba, kama nilivyoona wanawake wakifanya, isipokuwa wao huyakunja mara nne. Mkono wote wa kulia ukatoka malengelenge. Yaya alinisikia nikilia kama mtoto. Akatazama huku na huku, akapenya matete, akanisukuma pembeni. Sikumkataza. Aliwapikia siku ile: ndagala mbichi, nyanya, kitunguu, mawese yaliyochemshwa mpaka yakapoteza wekundu, na wali uliosimama punje kwa punje. Akamaliza, akarudi kwake. Nilipakua kwa mkono wa kushoto.

Walikula wakisifu mchuzi. Jitu alilamba sahani. Ndipo nilipopaswa kuogopa, na badala yake nilisimama pale nikitabasamu, nikipokea sifa.

Kesho yake walipigwa barabarani, juu kidogo ya mto. Wawili hawakurudi. Risasi hazikugeuka maji.

Asubuhi iliyofuata walikuja wote, na hawakukaa. Jitu alisema mbele ya komanda:

"Siku zote huyu anatulishaka makaa. Juzi tulikula kama ku ndoa. Na juzi dawa ilikufa. Komanda, hii muntu iko na mwanamuke mu jiko."

"Iko dada yake hapa pembeni," akasema mwingine.

Komanda alisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Shefu. Chakula ya juzi, nani alipika?"

"Minye."

"Basi pika tena. Sasa hivi, mbele yetu. Kama inatoka vile, tutajua ni mukono yako. Kama haitoki vile..." Akaelekeza kidevu upande wa pili wa matete, kule alikokuwa Yaya.

Vijana, nimekaanga samaki Kigoma, nimepika kwenye meli, nimefukuzwa na wenye hoteli wa nchi tatu. Sijawahi kuwa na sufuria nzito kama ile. Mchele ulikuwepo, mvuvi mmoja alileta ndagala za alfajiri, mawese na nyanya zilikuwepo. Nilisimama mbele ya vitu vyote vile kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoisoma. Waliketi nyuma yangu, nusu duara, mikuki magotini.

Hapo nikaona moshi ukipanda upande wa pili. Matete yalikuwa na nafasi, upana wa vidole viwili. Yaya alikuwa amewasha moto wake, ameweka sufuria yake juu ya mafiga, amekaa ubavu ili nimwone. Hakuniangalia hata mara moja. Akainua ungo, akapepeta. Nami nikainua ungo, nikapepeta. Akaokota mawe, nikaokota mawe. Alipomimina, nikamimina. Alipongoja, nikangoja, na kungoja ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote, maana maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kufunua sufuria. Mara akajikuna mgongo, nikajikuna mgongo, kisha nikaelewa kwamba hiyo haikuwa sehemu ya mapishi. Alichomoa ukuni mmoja, nikachomoa ukuni. Alitupa kitu kwa ncha za vidole, nami nikatupa chumvi, ingawa kiasi chake sikukiona. Ndagala zilipoingia kwenye mafuta mikono yangu ilitaka kuzigeuza. Yeye alikunja mikono kifuani. Nikakunja yangu, ule mzima na ule wenye malengelenge.

Komanda alikuwa akinitazama. Nilisikia akisimama. Akatembea polepole mpaka kwenye matete, akainama, akaweka jicho kwenye nafasi ile ile. Alikaa hapo muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akazunguka ua, akaenda kiwanja cha jirani. Nikaona miguu yake karibu na mafiga ya Yaya. Nikaona akifunua sufuria yake.

Mlikuwa na maji tu. Maji matupu yanayochemka. Kwenye ungo wake hamkuwa na hata punje. Yaya hakuwa na mchele, mchele wote tulikuwa nao sisi. Alikuwa amepepeta hewa, akaosha hewa, akakaanga hewa, mbele ya mtu ambaye angeweza kumuua.

Komanda akafunika sufuria, taratibu, kama mtu anayefunika uso wa aliyelala, akarudi.

"Pakua," akaniambia.

Nikapakua. Wali ulikuwa umesimama. Si wote, lakini ulikuwa umesimama. Akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Jitu alikuwa bado amesimama.

"Komanda, uliona nini kule?"

"Niliona mwanamuke anachemusha maji."

"Na huyu alikuwa anachungulia nini?"

Komanda alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari. "Sheria inasema mukono," akasema. "Soma weye mwenyewe. Mukono. Juu ya macho haisemi kitu." Akafunga daftari. "Chakula hii mukono ya mwanamuke haikuigusa, tumeona bantu wote. Ikaa, ukule."

"Na ya juzi?"

"Ya juzi hatukuona. Ikaa."

Jitu alikaa. Walikula, wakanawa, wakaondoka. Kwenye mlango komanda alinirudia, karibu sana, miwani ikiwa na ukungu wa mvuke. "Mupaka uko karibu," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho nikipita hapa, nisikute muntu anayepikaka muzuri hivi." Sikumwona tena. Nimeuliza habari zake kila mji niliopita, na hakuna aliyewahi kunijibu.

Sufuriani mlikuwa mmebaki kidogo. Nikaweka kwenye sahani, nikapenya matete. Yaya alikuwa bado amekaa pale pale, moto umezimika, mikono imekunjwa kifuani. Nikaweka sahani mbele yake.

Akachukua tonge kwa ncha za vidole. Akatafuna muda mrefu, akitazama mbali, kuelekea ziwani.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nikaenda kuleta chumvi.